Shungi jeupe la mwanangu, na sikio tulilolisahau

Msusi ndiye aliyeliona kwanza. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2023, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza, tumekaa barazani kwetu Mtama, mkoani Lindi. Mwanangu, ambaye hapa nitamwita Zuhura, alikuwa chini, kichwa amekilaza kwenye goti la msusi. Alikuwa na miaka 6. Tangu azaliwe hatukuwahi kuziacha nywele zake zikue. Arobaini yake alinyolewa, joto likizidi ananyolewa, mapunye yakisikika mtaani ananyolewa kabla hayajamfika. Mwaka ule tuliziacha kwa sababu ya harusi ya mdogo wangu, iliyopangwa baada ya Idi. Msusi akapitisha kitana, akagawa nywele katikati, mkono ukasimama.

"Mama Zuhura," akaniita taratibu, "hebu njoo uone."

Juu ya paji la uso, katikati kabisa, palikuwa na shungi la upana wa vidole viwili, jeupe kutoka nchani mpaka kwenye shina. Haikuwa mvi moja hapa na nyingine pale. Ilikuwa kama mtu amechukua pamba akaipachika. Ngozi ya chini yake imepauka, rangi ya kiganja. Niligusa, mtoto hakulalamika. Hakuna magamba, hakuna unga, hakuna harufu. Nywele zenyewe zilikuwa na afya sawa na zile nyeusi za pembeni.

Kutoka siku ile mpaka nilipoelewa sawasawa mwanangu ana nini ilipita miezi 16. Katika miezi hiyo nilimuumiza kwa mikono yangu mwenyewe, nikatumia pesa ambazo nyumbani hazikuwepo, na jambo kubwa zaidi lilikuwa mbele ya macho yangu sikuliona. Kama una mtoto mwenye baka jeupe kwenye nywele, nakuomba usome haya kabla hujanunua kitu chochote cha kumpaka.

Nilimfunika mtandio na kumsihi msusi asimwambie mtu. Akasema. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimepewa sababu nne. Mmoja alisema mtoto alilazwa chini ya mwembe saa sita ya mchana. Mwingine, kwamba nilikula kitu cha mwiko mimba yake ikiwa changa. Wa tatu akasema ni mzimu wa upande wa bibi yake. Wa nne, mwanamume niliyezoea kumuuzia vitumbua, aliniambia nywele za namna ile "zina bei". Labda alitania. Lakini nchi hii inajua walichotendewa wenzetu wenye ualbino, na mimi sikuweza kulipokea neno lile kama utani. Tangu siku ile kila nilipomchana nilizikusanya nywele zilizoanguka, nikazifunga kwenye pindo la kanga, usiku nikazichoma jikoni peke yangu. Mume wangu aliniona mara moja. Hakuniuliza kitu, alikuja akakaa karibu yangu mpaka moto ukaisha.

Nilianzia zahanati. Mhudumu alimtazama mtoto akiwa upande wa pili wa meza, akaandika mapunye. Tukapewa vidonge vya griseofulvin vya wiki sita na dawa ya kupaka. Kwa kuwa vidonge havikuwepo pale, nilivinunua dukani, na pamoja na nauli za pikipiki ilifika shilingi 23,000. Leo najua kwamba ningeweza kuuliza swali moja tu: nywele zinakatika? Mapunye hukata nywele, huacha viraka vya upara vyenye magamba, huwasha, na huambukiza watoto wanaolala pamoja. Nywele inayokua nzima, ndefu, yenye nguvu, ila haina rangi, hiyo si kazi ya fangasi. Ni kwamba kwenye shina lake hakuna seli zinazotengeneza melanini, ile rangi inayotia weusi ngozi, nywele na macho. Kitaalamu hali hiyo ya nywele inaitwa poliosisi. Nayo yenyewe si jina la ugonjwa mmoja, ni alama tu, kama homa ilivyo alama. Cha kutafuta ni kilicho nyuma yake.

Sasa kuhusu piko, ile rangi nyeusi ya kupaka nywele. Hiki kisa nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mimi mwenyewe nilianza kuota mvi nikiwa na miaka 18, na nilipofika 25 nusu ya kichwa ilikuwa nyeupe. Sikumwambia mtu. Kila baada ya wiki tatu nilifunga mlango, nikapaka piko, nikatoka nikiwa na nywele nyeusi kama wenzangu. Hata mume wangu alijua kwa kuhisi tu. Kwa hiyo zilipobaki siku mbili Idi ifike, nami namwona mwanangu anawakimbia wenziwe ili wasimvue mtandio, niliona dawa ninayo ndani ya nyumba.

Nilikoroga piko kwenye kifuniko cha chupa, nikachukua mswaki wa zamani, nikaanza kumpaka. Baada ya muda mfupi akasema, "Mama, inawasha." Nikamwambia avumilie, urembo una kazi yake. Akavumilia. Alikaa dakika 40 amefumba macho, mikono yake miwili imeshika ukingo wa kigoda kwa nguvu. Nilipomwosha, shungi lilikuwa jeusi tii. Nikamwonyesha kwenye kioo. Alifurahi, nami nikafurahi zaidi yake.

Usiku wa siku ya pili aliamka analia. Nilipowasha taa sikumtambua mwanangu. Paji la uso lilikuwa limefura mpaka kope zimefunga, na pembezoni mwa nywele yanatoka maji ya manjano. Foronya ilikuwa imegandamana na kichwa, ikabidi niilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ndipo ibanduke, kidogo kidogo, yeye ananishika mkono na kuniomba niache. Idi ya mwaka ule tuliila kituo cha afya. Alichomwa sindano, akapewa vidonge vya mzio na dawa ya kupaka, tukalala pale siku tatu. Kadi yetu ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa 30,000 wakati ule kwa watu sita wa kaya, ilitusitiri kwenye kitanda na kumwona daktari. Dawa mbili hazikuwepo, tukatoa 31,000.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, aliniketisha na kunieleza bila kunikaripia. Piko nyeusi ya unga si hina. Hina ni majani, na rangi yake ni ya wekundu. Piko ina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, hiyo hiyo iliyomo kwenye rangi nyingi za dukani za kutia nywele weusi. Mtu anaweza kuitumia miaka bila tatizo, na mwingine mwili wake ukaikataa. Ukishaikataa mara moja hausahau. Safari inayofuata huja haraka na kwa ukali zaidi. Nilimuuliza, ina maana mwanangu hataweza kupaka maisha yake yote? Akasema, "Ndiyo, na uandike kwenye daftari lake la kliniki." Niliandika pale pale, kwa kalamu nyekundu. Na wewe mwenye mtoto mdogo, hata maua ya piko ya mikononi siku ya sikukuu usimpake. Harusini Zuhura alihudhuria na magamba kichwani chini ya mtandio mpya, na shungi likaota tena jeupe vilevile.

Huku kwetu mjomba ana neno. Mjomba wangu mkubwa aliposikia habari ya hospitali aliagiza mtoto apelekwe kwa fundi, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutobisha. Ilitugharimu 70,000 na kuku, mtoto akachanjwa chale juu ya masikio. Sitasema mengi, mjomba alifanya kwa mapenzi. Niliangalia wembe tu: nilikuwa nimekwenda na wangu, mpya, ndani ya karatasi yake. Kama utajikuta mahali pale kwa sababu ya wakubwa, fanya hivyo angalau.

Juu ya masikio. Nayakumbuka maneno haya kwa sababu mikono ya fundi ilikuwa karibu sana na jambo lenyewe, na hakuna kati yetu aliyejua.

Zuhura alianza darasa la kwanza mwaka huohuo, na barua za shule zikaanza kuja. Mtoto hasikii maelekezo. Mtoto akiitwa hageuki, au anageukia upande usio wake. Mtoto ni mkaidi. Alichapwa kwa hilo, na nyumbani nami nikamgombeza, kwa maana nilijua anasikia. Nikimwita kutoka jikoni anakuja, akitumwa dukani analeta alichotumwa. Mambo mengine niliyaona nikayaita tabia yake. Kulala, lazima alalie upande mmoja, na akilala hivyo hata adhana haimwamshi. Barabarani pikipiki ikipiga honi alikuwa anatazama pande zote kama aliyepotea. Na simu. Baba yake alipokuwa shambani msimu wa korosho alikuwa anampigia jioni, na Zuhura huiweka sikio la kulia siku zote. Siku moja mkono wake wa kulia ulikuwa na unga, nikamwekea simu sikio la kushoto. Akasikiliza kidogo akaniambia, "Mama, imekata." Nikaichukua, nikamsikia baba yake anaendelea kuongea. Nikaona mtandao unasumbua.

Februari 2024 dada mmoja ninayemuuzia vitumbua stendi aliniambia kuna siku maalumu ya kliniki ya ngozi katika hospitali moja kwenye barabara ya Masasi. Safari hii nilikwenda kwa utaratibu, nikachukua kwanza barua ya rufaa. Bila barua hiyo kadi isingetusaidia, tungelipa taslimu kila mlango. Tulipanda basi alfajiri, tukafika foleni ikiwa ndefu, tukaingia kwa daktari karibu saa saba.

Alikuwa dada wa makamo, alisomea magonjwa ya ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC, ambako kuna kituo cha mafunzo ya fani hiyo tangu 1992. Zuhura akamwamkia, "Shikamoo daktari." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Akamvua mtandio mwenyewe, taratibu, akapeleka kidole kwenye shungi. Kisha akafanya vitu ambavyo hakuna aliyevifanya kabla yake. Alichukua kipande cha pamba, akamwambia Zuhura afumbe macho na aseme kila anapoguswa. Akamgusa kwenye ngozi iliyopauka, akamgusa shavuni, akamgusa mkononi. Kila pahala alijibu. Daktari akaniambia, "Hapa nilikuwa nautafuta ukoma, na haupo." Sisi wa kusini ukoma tunaujua, bado unapatikana, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Baka la ukoma huwa limefifia tu bila kuwa jeupe kama karatasi, na likiguswa halina hisia au zimepungua. Ukiliona la namna hiyo usijifiche: dawa hutolewa bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na ukiwahi unapona bila kulemaa.

Akamvua gauni, akamkagua mwili mzima akitafuta mabaka mengine. Hakukuwa na hata moja. Kisha akamwinua kidevu, akamtazama macho kwa tochi. Jicho la kushoto la Zuhura lina kipande cha rangi ya bahari ya kina kifupi, kama mtu amekata robo ya chungwa akaweka buluu. Sisi tulikuwa tukilisifia tangu akiwa mchanga. Daktari hakulisifia. Alichukua rula ya plastiki, akapima nafasi kati ya pembe za ndani za macho yake, akaandika. Halafu, bado ananipa mgongo, akauliza:

"Mama, huyu mtoto anasikia?"

"Anasikia daktari, ila shuleni wanasema mkaidi."

Akamgeuza Zuhura atazame ukutani, akasimama nyuma yake. Akaweka kidole kwenye sikio la kushoto, akawa anakisugua ili lisisikie, akamnong'oneza upande wa kulia: "Embe." Zuhura akasema embe. "Samaki." Samaki. Akahamisha kidole upande wa kulia, akainama kushoto, akanong'ona. Kimya. Akanong'ona tena, mimi nilikuwa hatua tatu nikasikia: "Ming'oko." Mwanangu alikuwa ametulia anatazama ukuta, anasubiri aanze kusemeshwa.

Sijui nilikaa vipi kwenye kile kiti. Nilikumbuka simu. Nilikumbuka viboko. Nilikumbuka mkono wangu mwenyewe, siku nilipomfinya kwa kuniacha nimwite mara tatu.

Daktari alinipa muda, kisha akaniomba ruhusa aone nywele zangu. Nilitaka kukataa. Miaka yote ile hakuna aliyeyaona mashina yake. Nikafungua mtandio. Wiki ilikuwa ya tatu, weupe umeshachomoza. "Ulianza lini?" Nikamwambia miaka 18. Akapima macho yangu kwa rula ileile. "Na kwenu kuna kiziwi wa kuzaliwa?"

Kaka yangu mkubwa yuko kijijini kwetu, Rondo. Hasikii tangu azaliwe. Na chini ya kofia yake, tangu mtoto, ana shungi jeupe.

Nilimwambia huku nalia. Nimemjua kaka yangu maisha yangu yote. Nililiona shungi la mwanangu na sikumkumbuka kaka, kwa kuwa kwetu kile kilikuwa kitu kisichotajwa, kama nilivyozifanya mvi zangu. Kama ningekuwa natembea na mvi zangu wazi, na kaka anakaa bila kofia, mtu yeyote mwenye macho angetuweka watatu pamoja akaona.

Hali yetu inaitwa sindromu ya Waardenburg, kwa jina la daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Johannes Waardenburg, aliyeieleza mwaka 1951. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Mtoto akiwa bado tumboni, katika majuma ya mwanzo, kuna seli zinazosafiri kutoka mgongoni kwenda kuwa seli za rangi za ngozi, nywele na macho. Seli hizohizo zinahitajika ndani ya sikio ili lifanye kazi. Zikishindwa kufika kwenye nywele za mbele, unapata shungi. Zikishindwa kufika sikioni, unapata uziwi. Chanzo ni mabadiliko kwenye jeni, ambayo mzazi mmoja, awe baba au mama, huweza kumrithisha mtoto wa kike au wa kiume, na kila mimba uwezekano ni nusu kwa nusu. Lakini wanaorithi hawafanani. Mmoja hupata mvi za mapema tu, kama mimi. Mwingine sikio moja. Mwingine yote mawili. Si ualbino, si mbalanga, hauambukizi, na hausababishwi na alichokula mama.

Nilimuuliza kuhusu mbalanga kwa kuwa jirani yetu anayo. Ile ni vitiligo, kinga ya mwili inaposhambulia seli za rangi, na kwa kawaida humwanza mtu aliyezaliwa na rangi kamili, baka linatokea na kutanuka. Nayo huweza kufanya nywele zilizo juu ya baka ziwe nyeupe, na hapo ngozi hiyo huwa ngumu kurudisha rangi kwa dawa, maana akiba ya seli za rangi huwa ipo kwenye mashina ya nywele. Mwenye kunyonyoka nywele kwa viraka pia, zinapoanza kurudi huweza kuja nyeupe kwanza. Mtu mzima anayeumwa kichwa sana, macho mekundu yenye ukungu, masikio yanavuma, na baadaye nywele au kope zinakuwa nyeupe, huyo asingoje siku ya kliniki ya ngozi. Awahi kwa daktari wa macho, kuna ugonjwa uitwao Vogt-Koyanagi-Harada unaoweza kumpofusha. Na mtoto mwenye shungi pamoja na mabaka yaliyofifia mwilini, kisha akapata degedege bila homa, apelekwe hospitali kubwa.

Kwa Zuhura hapakuwa na dawa ya kuandikiwa. Hakuna cha kurudisha weusi wa shungi lile, na daktari aliniambia hivyo wazi, nikamshukuru kwa uwazi wake kuliko kwa kitu kingine. Alichoandika ni rufaa ya kupima masikio Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam.

Tulipanga Mei 2024. Mvua zikaja, kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, Somanga na maeneo ya jirani, watu wakalala njiani. Tukangoja. Lilikuwa jambo la kheri kwa namna yake, maana pesa ya ufuta ilikuwa haijatoka. Julai ilipotoka tukaondoka, mimi na yeye. Nauli, chakula, vipimo na siku tano kwa shangazi yake Mbagala vilifika 264,000, na hapo hatukulipia malazi. Kama huna ndugu Dar, jipange zaidi, kwa sababu tarehe ya kipimo na tarehe ya majibu si lazima ziwe moja.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mtoto anaingizwa kwenye chumba kisichopitisha kelele, anavalishwa spika za masikio, anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Zuhura alikuwa na miaka 7, alifurahi, aliona mchezo. Mimi nilikuwa nje ya kioo naangalia kidole chake. Upande wa kulia kidole kilikuwa hakitulii. Upande wa kushoto kilikaa juu ya kitufe, kikangoja, kikangoja.

Sikio la kulia ni zima kabisa. La kushoto halisikii karibu kitu chochote, tangu kuzaliwa, na kwa uziwi wa kiasi kile kifaa cha kawaida cha kukuza sauti kisingemsaidia. Mtaalamu alisema kazi yetu sasa ni mbili, kumrahisishia kusikia kwa sikio moja, na kulilinda hilo moja kama mboni ya jicho. Hakuna kuingiza kijiti wala manyoya ya kuku. Usaha au maumivu, hospitali siku hiyohiyo. Asisimame mbele ya spika za muziki ngomani. Na kila atakapougua, nimwambie tabibu kabla hajaandika dawa kwamba ana sikio moja, kwa kuwa zipo dawa zinazoweza kuharibu usikivu, gentamaisini mojawapo. Nalo nimeliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, chini ya lile la piko. Mdogo wake wa kiume, ambaye hana shungi, nilimpima pia. Anasikia vizuri.

Shuleni nilikwenda na nakala ya majibu. Niliogopa, lakini mwalimu wake alisoma karatasi yote, akanyamaza muda, akainuka akamhamisha Zuhura palepale: mstari wa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima liwaelekee mwalimu na wenzake wote. Akawaambia watoto wanaomwita wamguse bega. Muhula uliofuata alikuwa wa 9 kati ya 71. Barabarani tumemfundisha asiamini sauti, ageuze kichwa kizima, kulia na kushoto, kabla ya kuvuka. Na kulala, akiwa mgeni kwa watu, nawaambia wasimlaumu asipoamka.

Piko niliacha. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Wiki ya kwanza nilikwenda stendi na beseni la vitumbua nikahisi kila mtu ananitazama kichwani. Zuhura alinigusa nywele akasema, "Mama, na wewe."

Desemba ile tulipanda Rondo kwa mama yangu. Nilimweleza yote, kwa karatasi ya daktari na kila kitu. Alisikiliza huku anapepeta. Nilipofika kwenye kurithi akauliza, "Hata kwa baba?" Nikamwambia hata kwa baba. Marehemu baba alikuwa na jicho moja jeusi na moja la kijivu, kila mtu kijijini anakumbuka. Mama akaweka ungo chini. Kwa miaka yote tangu kaka azaliwe aliambiwa kwamba alivunja mwiko akiwa mjamzito. "Kumbe," akasema, "na mimi nimekubali miaka yote."

Kaka alikuwa uani anabangua korosho za kula nyumbani. Zuhura akaenda akasimama mbele yake, akavua mtandio, akagusa shungi lake, kisha akanyoosha kidole kwenye kofia yake. Kaka akanitazama mimi, akamtazama mama. Akafuta mikono kwenye suruali, akaivua kofia, akaiweka juu ya goti. Kichwa chake sasa kina mvi tele, lakini lile shungi bado linajitenga, jeupe kuliko zote. Zuhura akagusa sikio lake la kushoto, akatikisa kichwa. Kaka akagusa lake la kushoto, akatikisa kichwa, akagusa la kulia, akatikisa tena. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasogeza kigoda, akakaa karibu naye, akachukua korosho moja kwenye rundo na kumpa ambangulie.